Uzoefu wangu: simu ya tachi, sugu za gitaa na duka moja hapa Mtwara

Kama unapiga gitaa la nyuzi za chuma na unataka kununua simu mpya, soma hii kabla hujatoa hela yako, na kama umeshanunua soma tu ujue hauko peke yako. Habari za kamera na betri siandiki, hizo kila mtu anazisoma kwenye boksi. Mi nazungumzia vidole vyangu na kile kioo, na yule kijana aliyeniuzia, ambaye mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka.

Mimi ni mashoto. Kula nilifundishwa kwa mkono wa kulia kwa lazima, lakini kuandika, kushika panga, kubonyeza simu, vyote kushoto. Gitaa lakini napiga kama wanavyopiga wengine, kwa sababu wakati najifunza gitaa lilikuwa moja tu la bendi na nyuzi zimefungwa za kulia, nani angekubali nizigeuze? Kwa hiyo mkono unaobana nyuzi ndo huohuo unaobonyeza simu. Vidole vinne vya kushoto, ukiacha gumba, ncha zake zote zina sugu na sio sugu ya mchezo, kidole cha pete ukikigonga mezani kinalia ko ko kama kucha. Zimejengwa miaka na miaka kwenye harusi, kwenye mabaa ya hapa mjini, Masasi, Newala, Tandahimba, kokote tulikoitwa na bendi. Mtu akiniuliza cheti changu cha muziki kiko wapi namwonyesha huo mkono.

Sasa kipindi cha korosho kilichopita, hela za mnada zimeshaanza kuingia kwa watu na harusi zinafuatana, nikasema na mimi ninunue simu ya maana maana ile ya zamani ilikuwa imechoka. Nikaenda duka moja hapa mjini, jina silitaji. Kijana wa pale mwanzoni mzuri tu, ananiita bosi, ananionyesha hii na ile, anaitelezesha kwa vidole vyake laini kila kitu kinafunguka. Akabandika protekta ya kioo hapohapo, elfu kumi, akaniambia usipoweka hii waranti sikupi. Nikalipa nikaondoka zangu na furaha yangu.

Usiku nyumbani ndo naanza kuitumia sasa. Kidole cha shahada nagusa, kimya. Nagusa tena, inaingia herufi ya pembeni. Cha kati hivyohivyo, cha pete na cha mwisho ndo kabisa, unagusa kioo kama umegusa ukuta. Nataka kutuma hela kwa jamaa anayetukodisha spika, naingiza namba ya siri, tarakimu moja inaingia, nyingine inaruka, nyingine inajirudia mara mbili, mwisho akaunti ikafungwa na hela ya watu imo ndani, jamaa wa spika anapiga simu anauliza vipi, na hata kupokea hiyo simu yenyewe inabidi utelezeshe kidole na hakitelezi! Nilitamani niitupe dirishani.

Lakini pabaya zaidi ni Mikindani. Tumepiga harusi pale, watu wamejaa, joto, gitaa likaachia tyuni katikati ya shughuli kama kawaida ya nyuzi mpya kwenye unyevu wa pwani. Apu ya kutyuni iko kwenye simu, nagusa haifunguki, bibi harusi ndo anaingia, kiongozi wa bendi ananikodolea macho, mpiga besi anazunguka noti moja tu kunisubiri. Nikatyuni kwa sikio, nilijifunza hivyo na naweza, ila na ngoma na besi vinalia pembeni ni shida na ile nyuzi ya pili ilibaki chini kidogo mpaka mwisho wa wimbo. Wageni hawakusikia labda. Mimi nilisikia.

Kesho yake nikarudi dukani. Nimeenda kwa ustaarabu kabisa, nikamwambia kijana, hii simu tachi yake haisikii vidole vyangu, naomba uiangalie au unibadilishie. Akaichukua akatelezesha yeye, inafanya kazi. Akaniambia mzee simu nzima. Bosi limeshaisha hapo, sasa mzee. Nikamwambia najua kwako inafanya kazi, nakuonyesha kwangu, nikagusa pale mbele yake, kimya. Akanishika kidole, jamani, alinishika kidole changu cha shahada bila hata kuniomba, akakipindua akakiangalia, halafu akakigongesha kwenye kioo tap tap tap mbele ya wateja huku anacheka, akasema "Mzee hii si simu, hivi ndo vidole vibovu, kwanza tumia mkono wa kulia kama watu." Wale waliokuwepo wakacheka. Akafungua droo akatoa kipande cha msasa, msasa wa mbao kabisa, akakiweka juu ya kaunta. "Kasugue hivyo vidole uje tena."

Kwa asiyejua, ngoja nimweleze. Sugu ya mpiga gitaa huwa haisuguliwi. Ukiisugua leo, kesho nyuzi ya chuma inaingia kwenye nyama mbichi, unapiga nusu saa kidole kinatoka maji, na kuijenga upya ni wiki kadhaa za maumivu huku harusi zinakusubiri na hela ya ada ya watoto iko kwenye hizo harusi. Sisi hata kuosha vyombo au kuoga maji ya moto muda mfupi kabla ya shoo tunakwepa, kwa sababu sugu ikilowa inalainika na ikilainika inachanika. Maana wapo pia wanaonishauri niwe nalamba kidole au nikichovye maji ndo niguse simu, na kweli kikilowa kioo kinasikia zaidi, nimejaribu, lakini huwezi kulowesha kidole kati ya wimbo na wimbo halafu ukaenda kubana nyuzi. Simu inataka kidole laini chenye unyevu, gitaa linataka kidole kigumu kikavu, na gitaa ndo linalonilisha.

Kwenye lile duka alikuwepo mama mmoja amekuja kuchajisha simu yake ya batani, yeye hakucheka. Akaniambia, "Baba usigombane nao, tazama." Akanionyesha vidole vyake. Ni mbanguaji wa korosho. Anayetoka huku kwetu anajua yale mafuta ya ganda la korosho yalivyo, yanaunguza ngozi, yanaiacha nyeusi, inabanduka, hata wakijipaka majivu bado yanapita. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyororo zinang'aa, mistari imefutika. Akasema kipindi kile cha kusajili laini kwa alama za vidole, ile 2019 kwenda 2020 watu wanakimbizana na tarehe ya mwisho, mashine ilikataa kidole kimoja baada ya kingine, akaambiwa akanawe, akanawa, ikakataa tena, foleni nzima inamguna. "Nimeona ninunue ya batani tu, ile haichagui mkono." Yule kijana akamwambia mama chaji ishalipiwa subiri nje. Nje, juani! Hapo ndo nilipandisha sauti kwa kweli, na sijutii.

Simu hawakubadilisha. Waranti eti ni ya simu iliyoharibika, hii haijaharibika.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja kijana tu, ana meza yake na mwavuli huku upande wa sokoni, na huyu ndo nataka nimsifu. Hakucheka. Aliniuliza unafanya kazi gani, nikamwambia, akaomba, aliomba jamani, aguse zile sugu. Halafu akanieleza kitu ambacho muuzaji wa simu alitakiwa kukijua. Kumbe kioo cha simu hizi hakisikii nguvu, unaweza kukibonyeza kwa kucha mpaka kipasuke na kisijue umekigusa. Chini yake kuna mistari myembamba sana isiyoonekana inayopitisha umeme kidogo mno, na mwili wa mtu una maji na chumvi kwa hiyo nao unapitisha umeme, kidole kikisogea pale kinavuta kidogo ule umeme na simu inajua hapa pameguswa. Sugu ni ngozi iliyokufa, kavu, nene, nyama yenye uhai iko huko ndani, kwa hiyo kwa simu ni kama kidole bado hakijafika. Zile za zamani za kubonyeza kwa kijiti zilikuwa zinasikia mgandamizo, ndo maana niliwahi kuwa nayo moja na haikunisumbua hata siku moja.

Halafu akaishika simu kwenye mwanga akaniinamisha nitazame kwa pembeni. Ile protekta ya elfu kumi, gundi yake iko kwenye kingo tu, kamstari kembamba kanazunguka, katikati yote hewa tupu, ukibonyeza unaona kabisa kioo kinashuka kinagusa halafu kinapanda. Yaani kidole changu kipitie sugu, kipitie kioo kinene cha protekta, kipitie hewa, ndo kifike kwenye simu. Akaibandua kwa ukucha. Akaingia kwenye setingi za skrini, kumbe kuna sehemu ya kuongeza usikivu wa tachi, imewekwa kabisa na waliotengeneza kwa ajili ya watu wanaotumia protekta, akaiwasha. Nikagusa na kidole cha shahada. Ikafunguka. Cha kati, ikafunguka. Nilimshika mkono yule kijana nikashindwa niseme nini. Alichukua elfu mbili, nikamwongezea.

Kwa hiyo hapo nilikuwa nimepanga niandike kwamba simu ni nzuri, duka ndo bovu, yaishe. Na kwa haki kabisa simu siku nyingi inaenda. Alama ya kidole nimeweka gumba la kushoto, halina sugu, inafunguka vizuri. Kuandika meseji nimejizoeza kulaza kidole, nagusa kwa nyama ya chini ya ncha badala ya ncha yenyewe, inakubali. Wapiga gitaa wenzangu jaribuni hivyo kabla ya kununua vijiti vya kugusia, ingawa kijiti nacho kinasaidia ukiwa umetulia mezani, jukwaani kinapotea tu.

Ila nikikaa nikafikiria nakuta hapana, hata simu yenyewe siwezi kuisifu kiasi hicho. Nikimaliza mazoezi marefu vidole vimekauka, inarudi ujinga wake. Wakati wa kusi upepo unakausha ngozi, hali inakuwa mbaya zaidi, cha pete na cha mwisho ndo nimeshavisamehe kabisa. Na kila nikishindwa kufungua kitu namkumbuka yule mama. Huku kwetu nani ana kidole laini? Mbanguaji, mvuvi anayevuta mshipi, fundi muashi anayeshika saruji, mkulima wa muhogo, hao ndo Mtwara yenyewe, hao ndo wanaoleta hela za hizo simu madukani, halafu simu inapimwa na kijana wa kaunta ambaye kitu kigumu alichowahi kushika ni droo. Muuzaji mpe mteja simu aiguse mwenyewe, vidole vyote, mkono anaoutumia yeye, kabla ya kupokea hela. Inachukua dakika moja. Nilikuwa nataka kuipa simu alama za katikati, sasa nashusha, na duka halipati alama yoyote kwangu, hata kama mkinambia kijana yule walishamhamisha, maana aliyempa msasa akae nao kwenye droo ni nani? Msasa kwenye duka la simu wa kazi gani kama sio kwamba mi sikuwa wa kwanza?

Kuna mtu kanambia labda ni wa kusugulia laini za simu zilizokatwa vibaya. Inawezekana, zamani tulikuwa tunakata laini kwa mkasi tunasugua ziingie. Sawa. Bado hakutakiwa kuuweka mbele yangu.

Yule mama nilimpeleka kwa fundi wiki ileile, akajaribu kwa vidole vyake simu kadhaa zilizokuwa pale kwenye meza ya fundi, moja ikamkubali vizuri tu bila protekta, anaiwekea akiba kidogokidogo. Duka nililirudia tena kudai ile elfu kumi ya protekta, kwa sababu simu hawakuibadilisha sawa, lakini protekta nilibeba mkononi nikawaonyesha gundi ilipoishia. Mwenye duka alikuwepo safari hii, akaiangalia, akasema njoo Jumatatu. Nimeenda, akasema njoo mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi umepita, naenda tena wiki hii na protekta ninayo.