Chokoleti nyeusi yenye nembo mbili: nilichoonja si nilichosoma

Nimelinganisha chokoleti tatu za asilimia 70, zote za kokoa, sukari na siagi ya kokoa tu. Ya kwanza ina nembo ya kilimo hai pamoja na ya Fairtrade. Ya pili ina Fairtrade peke yake. Ya tatu haina nembo, ila karatasi inasema punje zimetoka Bonde la Kilombero, Tanzania.

Ya tatu imenikosha: uchachu wa ukwaju mwanzoni, kisha utamu unaokaa mdomoni. Ya kwanza, ambayo ndiyo ghali kuliko zote, ina ukakasi wa kukausha ulimi na harufu ya siki.

Hapo mkaguzi wa nembo hana kosa, kwa sababu hakutumwa kuonja. Wa kilimo hai anaangalia mbolea na dawa za viwandani, na shamba la kokoa hupitia miaka 3 ya mpito kabla ya cheti. Fairtrade inaangalia malipo na haki: kuanzia Oktoba 2019 bei ya chini kabisa inayoruhusiwa ilikuwa dola 2,400 kwa tani ya kokoa, juu yake dola 240 za ziada kwa ushirika wa wakulima. Ni mambo ya maana, na ninayalipia kwa moyo mweupe. Ila ladha inapikwa kwingine.

Inaanzia kwenye sanduku la mbao. Punje mbichi na utando wake huchachushwa siku 5 hadi 7, zikifunikwa majani ya mgomba na kugeuzwa ili hewa ipite. Ukizitoa mapema, ndani hubaki zambarau, na ukakasi unatoka hapo. Ukizikausha haraka mno, asidi hunaswa ndani: ndiyo ile siki. Zikikaushwa juu ya moshi wa kuni, chokoleti itanuka nyama ya kubanikwa, na hakuna kiwanda kitakachoiondoa. Unyevu ushuke hadi asilimia 7 hivi. Ukizidi 8, ukungu unaingia. Wanunuzi makini hupasua punje 300 kwa kisu na kuhesabu mbovu. Kilombero, kampuni ya Kokoa Kamili hununua punje mbichi kwa wakulima na kuzichachusha mahali pamoja, badala ya kila mkulima na mtindo wake.

Kingine: ukiona mshale pembeni ya nembo ya Fairtrade, geuza pakiti usome. Kwenye kokoa mara nyingi maana yake ni kwamba kiasi cha kokoa ya Fairtrade kilichonunuliwa na kilichouzwa kinalingana kwenye vitabu vya hesabu tu, huku punje zenyewe zikiwa zimechanganywa na nyingine njiani.

Ya pili haina kasoro kubwa, wala haina cha kukumbukwa. Ilikuwa na weupe juu, lakini huo si ukungu. Ni siagi iliyopanda kwa joto la stoo. Hiyo naiyeyushia keki.

Nyota: ya kwanza 2, ya pili 3, ya tatu 4 na nusu. Nusu nimeikata kwa sababu karatasi haisemi mkulima alilipwa kiasi gani.