Kanuni za nidhamu katika shule ya mwanangu: maoni ya mzazi

Shule ninayoizungumzia ni ya msingi, ya binafsi, inafundisha kwa Kiingereza na ipo pembezoni mwa Dar es Salaam. Sitaitaja jina, kwa sababu mwanangu bado yupo hapo darasa la nne na baadhi ya nitakayoyaeleza ni malalamiko. Wazazi tunapotafuta shule huuliza ada, basi la shule na matokeo ya darasa la saba, lakini kijitabu cha kanuni za nidhamu kinachoambatanishwa na fomu ya kujiunga tunakitia saini bila kukisoma. Mimi nimekisoma chote, na nimekwisha kuona kinavyotekelezwa. Kwa maoni yangu, utaratibu wa shule hii unazishinda shule nyingi ninazozifahamu, isipokuwa katika mambo mawili ambayo mtoto huadhibiwa kwa lisilo kosa lake.

Nianze na kiboko, kwa kuwa ndicho kinachotutia wazazi hofu kubwa zaidi. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu ya viboko kwa masharti: visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike ikiwa yupo shuleni, na kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu. Anayezijua shule zetu anajua jinsi masharti hayo yanavyopuuzwa, na hakuna aliyesahau habari ya Agosti 2018, pale mwanafunzi wa darasa la tano mjini Bukoba alipofariki baada ya kupigwa na mwalimu. Majirani zetu wa Kenya walipiga marufuku viboko shuleni tangu 2001. Shule hii haikungoja sheria ibadilike, bali imeandika mwanzoni kabisa mwa kijitabu chake kwamba hakuna mtumishi anayeruhusiwa kumpiga mwanafunzi, na sijasikia kwa mwanangu wala kwa mzazi mwingine kwamba ahadi hiyo imevunjwa.

Swali ambalo kila mzazi huuliza baada ya hapo ni kwamba, kama hakuna kiboko, mtoto mtundu hurudishwaje kwenye mstari? Jibu lipo katika daftari kubwa linalokaa ofisini kwa mwalimu wa nidhamu. Kila ukurasa una nafasi ya tarehe, kosa, maelezo ya mtoto kwa mwandiko wake mwenyewe, hatua iliyochukuliwa, saini ya mwalimu na saini ya mzazi. Nilipoitwa kutia saini yangu nilikuta mwanangu ameandika, kwa herufi zilizopanda na kushuka, kwamba alimmwagia mwenzake uji kwa makusudi kwa sababu alimwita nyani. Hatua aliyochukuliwa ilikuwa kufuta meza, kumwomba radhi mwenzake mbele ya mwalimu, na siku iliyofuata kumsaidia mpishi kugawa uji wa saa nne kwa darasa lao lote. Yule aliyetoa tusi naye alikuwa na ukurasa wake, jambo ambalo lilinifurahisha sana, kwa maana katika shule nyingi anayepiga ndiye huonekana na aliyemchokoza huachwa. Kosa likirudiwa mara ya tatu ndipo mzazi huitwa kikaoni, na kumsimamisha mtoto masomo huamuliwa na kamati ya shule, si na mwalimu mmoja aliyekasirika. Nimeridhika na utaratibu huu kwa sababu adhabu inatokana na kosa lenyewe, na mtoto anapata nafasi ya kusema kabla ya kuhukumiwa.

Sasa nije kwenye yasiyonipendeza. Lango hufungwa saa 1:30 asubuhi, na anayechelewa huokota takataka uwanjani hadi kipindi cha kwanza kiishe. Wanaopanda basi la shule hawachelewi kamwe kwa hesabu ya mwalimu, maana basi likichelewa wote husamehewa. Wanaochelewa ni wale wa daladala, ambao makonda huwakwepa kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo, pamoja na wale wanaoletwa na wazazi waliochelewa kuamka. Mtoto wa miaka saba hana uwezo wa kumfanya konda asimame, wala hawezi kumwamsha baba yake. Kumkosesha hesabu ya asubuhi kwa sababu hiyo ni kumwongezea hasara, ilhali anayepaswa kuitwa na kuulizwa ni mzazi.

La pili ni zito zaidi. Kijitabu kinahesabu kuzungumza Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili kuwa kosa, na anayesikika huvishwa kibao shingoni, akabaki nacho hadi amnase mwenzake mwingine. Naelewa kwamba nimelipa ada ili mwanangu akijue Kiingereza, na sipingi walimu kuwahimiza watoto wakizungumze. Lakini Kiswahili ni lugha ya taifa, ndiyo lugha ambayo mtoto huyu hulilia na kumsalimia bibi yake, na kumvisha kibao cha aibu kwa ajili yake ni kumfundisha kujidharau. Zaidi ya hapo, mchezo wa kuwindana unawafanya marafiki wachungane midomo wakati wa mapumziko, na aliyevaa kibao hukaa peke yake kwa kuwa hakuna anayetaka kumkaribia. Hakuna ukurasa wa daftari unaoandikwa kwa kosa hili, hakuna maelezo ya mtoto wala saini ya mzazi. Shule iliyoweka uangalifu wote ule kwenye ugomvi wa uji imeacha adhabu hii mikononi mwa watoto wenyewe. Nililipeleka suala hili kwenye kikao cha wazazi, mwalimu mkuu akaahidi kulifikisha kwa uongozi, na hadi ninapoandika haya kibao bado kinavaliwa.

Kanuni za sare, nywele na simu ni za kawaida na hazijaleta shida. Kwa jumla ningeipa shule hii alama nne kati ya tano kama isingekuwa kibao. Kwa sababu yake naipa tatu. Mwanangu nitamwacha hapo, nami nitaendelea kulidai jambo hili. Mzazi anayekwenda kuchukua fomu, katika shule yoyote ile, aombe kuonyeshwa daftari la nidhamu kabla ya kulipa ada, kisha aulize ni adhabu zipi hutolewa bila kuandikwa humo.