Oili ya injini kwa kwadi na pikipiki kuukuu za porini: ya kununua na ya kuacha dukani

Kabla ya kuuliza bei, geuza kopo usome nyuma. Kwenye kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, kama Honda FourTrax 300, na karibu pikipiki zote za porini za miaka ya 80 na 90 zenye injini ya mipigo minne, oili moja ina kazi tatu: inalainisha pistoni, inalainisha gia, na pleti za klachi zinaoga humo humo. Klachi ya gari la gia za mkono kwa kawaida ni kavu, haigusani na oili ya injini. Ndiyo maana oili nzuri kabisa ya gari inaweza kukuharibia kazi hapa. Imetiwa dawa za kupunguza msuguano ili gari libane mafuta, na pleti zako bila msuguano hazishiki.

Usidanganywe na mkanda pia. Kwadi ya Yamaha Grizzly inaendeshwa kwa mkanda badala ya gia za kubadilisha, lakini bado ina klachi ndani ya oili.

Alama ya kutafuta ni JASO MA au MA2. Kipimo hiki cha Wajapani kilitoka mwaka 1998, na mwaka 2006 daraja la MA likagawanywa MA1 na MA2. MA2 ndiyo yenye msuguano mkubwa zaidi. Oili iliyosajiliwa huwa na kisanduku kidogo kwenye lebo, kina namba ndefu juu na daraja chini yake. Kopo lililoandikwa tu kwamba linafaa kwa MA, bila kisanduku, ni ahadi ya mtengenezaji. Inaweza kuwa ya kweli, ila mimi penye kisanduku ndipo ninapotoa hela.

Kitabu cha zamani kikitaka API SE, SF au SG (madaraja ya ubora ya Wamarekani; herufi ya pili ikisonga mbele, daraja ni jipya zaidi), usihangaike kutafuta kopo la enzi hizo. MA2 yenye API SJ, SL au ya juu zaidi inatosha.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza: oili ya pikipiki ya 10W-40 (namba ya kwanza ni uzito wake kwenye baridi, ya pili ni ikipata moto), ya madini au nusu sintetiki, yenye MA2. Motul 5100 iko kundi hili. Sababu ya kuiweka juu ni gia. Meno ya gia hukatakata zile kemikali zinazoifanya oili ibaki nzito ikipata moto, kwa hiyo 10W-40 ikitumika sana hushuka ikawa kama ya 30, hata iwe ya bei mbaya. Bora ya bei ya kati unayoimwaga mapema kuliko ya kifahari unayoionea huruma.

Ya pili: oili ya dizeli ya 15W-40, mradi lebo yake itaje JASO MA. Shell Rotella T4 ni mfano unaojulikana. Ina sabuni nyingi ya kusafisha masizi, na huuzwa kwa galoni kubwa. Isipotaja MA, iache, hata fundi akikuapia.

Ya tatu: 20W-50 yenye MA, kwa injini ya kupozwa na hewa inayofanya kazi kwenye joto kali au iliyoanza kula oili. Hakikisha kitabu kinairuhusu. Kwenye baridi itazunguka kwa uzito asubuhi.

Ya nne: sintetiki kamili ya pikipiki, kama Motul 7100. Ni oili bora, na anayekimbiza injini mpaka iwake atapata thamani yake. Lakini chombo kuukuu kinachovuka mito kinaweza kuingiza maji kupitia mpira wa kupumulia wa injini, na ukichomoa kijiti cha kupimia oili ukakuta oili imegeuka chai ya maziwa, inamwagwa yote hata kama uliitia jana. Inauma zaidi ikiwa ya bei hiyo.

Za kuacha dukani: JASO MB, ambayo ni ya skuta zenye klachi kavu, oili ya gari ya 0W-20 au 5W-30 yenye maneno "Energy Conserving" au "Resource Conserving" kwenye duara la API, na vichupa vya dawa za kuongezea, hasa vya molibdeni, ambayo hupunguza msuguano.

Kama ulishatia isiyofaa, panda mlima kwa gia ya juu ufungue mafuta. Injini ikipiga kelele na mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Mwaga, badilisha na filta, tia MA2, kisha uendeshe uone. Mara nyingine pleti hurudi kushika. Zikiendelea kuteleza, kaza mfuko ununue pleti mpya, na uziloweke usiku kucha kwenye oili hiyo hiyo ya MA2 kabla fundi hajazifunga.