Mamba wa Museum Hill: Tiketi Inalipa, Ila Chagua Siku

Haya, watu wangu, karibuni tena. Leo sina simu mpya wala blenda ya kutoa kwenye boksi. Leo nachambua tiketi. Kuna swali limekuwa likirudi kwenye maoni: mtu anataka kuwapeleka watoto kuona mamba, hana nauli ya Mombasa, aende wapi hapa Nairobi? Mimi nimeenda Snake Park, pale Museum Hill, ndani ya uwanja wa makumbusho ya taifa. Jina ni la nyoka, na nyoka wapo wa kutosha, lakini hao nitawafanyia video yao. Leo ni mamba.

Kufika si kazi. Panda matatu ya Westlands au Kangemi, mwambie makanga akushushe Museum Hill, halafu umalizie kwa miguu. Malipo ni ya eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, kwa hiyo simu iwe na chaji na M-Pesa iwe na kitu. Kuna tiketi ya Snake Park peke yake na kuna ya pamoja na makumbusho. Ukiwa na watoto chukua ya pamoja, maana mvua ya Nairobi haipigi hodi na makumbusho yana paa.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo wengi huona kama pesa zao zimeliwa. Unafika, unamkuta mnyama amelala kando ya maji, mdomo wazi, hatikisiki. Unasubiri. Hakuna kitu. Unapiga picha moja, unaenda zako, ukifika nyumbani unasema mamba walikuwa wamelala. Rafiki yangu, hujamwona mamba wewe. Kutulia kwake ndiyo kazi yake, ndivyo anavyokula. Mnyama huyu hawindi kwa kukimbiza, anawinda kwa kusubiri, na mamba mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula na asidhoofike. Kwa hiyo usitegemee sarakasi. Simama, chagua mmoja, mwangalie huyo huyo.

Siku niliyoenda kulikuwa na watoto wa shule, sweta za kijani, mwalimu wao yuko nyuma na karatasi ya majina. Kitoto kimoja kikasema kwa sauti, "Huyu ni wa plastiki!" Wenzake wakacheka. Nikawaambia, haya, angalieni jicho, msiangalie mkia. Tukanyamaza. Mara utando mweupe ukapita juu ya jicho, si kutoka juu kwenda chini kama sisi, bali kutoka mbele kwenda nyuma, kama pazia la dirishani, na kope zenyewe ziko wazi vilevile. Kelele zilizotoka hapo, mwalimu alidhani mtu ametumbukia. Ule utando ni kope la tatu. Ndilo analofunika nalo jicho akizama.

Na ule mdomo wazi, tumia zumu ya simu uangalie ndani. Utatafuta koo na hutaliona. Kule nyuma kuna kifuniko cha nyama kinachoziba njia yote, ndiyo maana anaweza kumkamata mnyama akiwa chini ya maji na maji yasimwingie kooni. Ulimi nao umeshikana na sakafu ya mdomo, hawezi kuutoa nje. Kuuacha mdomo wazi juani kunamsaidia kupunguza joto la kichwa. Si kwamba anakutisha. Wewe hata hakufikirii.

Kuna aliyeuliza tofauti ya mamba na aligeta. Kwanza, aligeta wa porini Afrika hayupo. Wamebaki aina mbili tu duniani, mmoja Marekani, mwingine China. Pili, mwangalie akiwa amefunga mdomo. Mamba, lile jino la nne la taya la chini linabaki nje, unaliona. Aligeta, meno ya chini yanafichwa na taya la juu. Wetu wa Kenya, yule wa Turkana, Tana na Mara, ni mamba wa Nile. Ukitaka kuwaona wote kwa mpigo itabidi utafute viza: kule Florida kuna bustani ya St. Augustine, ipo tangu 1893, na sifa yake ni kukusanya mamba na aligeta wa kila aina. Ni huko ambako mtafiti Gregory Erickson na wenzake walipima nguvu za kung'ata za jamii zote 23, wakatoa matokeo mwaka 2012. Mamba wa maji ya chumvi alifikia nguvu ya zaidi ya kilo 1,600. Hiyo ni gari ndogo, imekukalia mkononi.

Lakini misuli ya kufungua mdomo ni dhaifu mno, hata mpira wa kufungia noti unamtosha mtoto wa mamba. Na hapo ndipo nina neno. Kuna sehemu nyingine ukienda, unapewa mamba mchanga aliyefungwa mdomo umshike upigwe picha. Mimi sishauri. Anapita mikono ishirini kwa asubuhi moja, na mtoto wako anaondoka akijua jinsi ngozi inavyoshikika, basi. Heri hela hiyo umpe mwelezaji akae nanyi. Mwulize kuhusu mayai, kwa mfano: joto la kiota ndilo linaloamua dume au jike. Mamba wa Nile, kwenye nyuzi 32 hadi 34 hivi hutoka madume wengi, likishuka chini ya hapo ni majike.

Jambo la kuzingatia kabla hujalipa ni hali ya hewa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mamba hana joto lake mwenyewe, analiomba jua. Julai ile ya mawingu na masweta, usiende. Januari na Februari ndiyo miezi yake. Fika kuanzia saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda, uwakute nje ya maji.

Alama? Nawapa nane kwa kumi. Mbili nimezitoa kwa ajili yetu sisi wageni. Mtu mzima, ana funguo za gari mkononi, anarusha kokoto ili mamba "aamke". Mamba humeza mawe kwa hiari yake, hahitaji msaada wako.

Ukishindwa kabisa kumtazama mnyama akiwa nyuma ya ukuta, kuna Hippo Pools ndani ya Nairobi National Park. Unashuka kwenye gari, askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, anakutembeza kando ya mto, na ukiwa na bahati utamwona mamba ambaye hajakatiwa tiketi. Mimi nataka kupeleka kamera huko, kwa hiyo aliyewahi kumwona pale aniandikie hapo chini: ilikuwa saa ngapi, na mto ulikuwa umejaa au umepungua?