TAHADHARI: Hizi "dawa za Kichina" za figo kwa wenye kisukari. Sukari inashuka kweli, na mtego uko hapo hapo

Wenye mgonjwa wa sukari nyumbani, someni kabla hamjatoa hela.

Mama ana sukari mwaka wa 14 sasa. Mwaka jana mkojo ukaanza kutoa povu, kliniki wakakuta protini, na kreatinini (taka ya kwenye damu inayopanda figo zikishindwa kazi) 168. Akaanzishiwa losartan, dawa ya presha inayolinda figo pia, akaambiwa apunguze chumvi. Jirani naye akamwambia kuna duka Kariakoo "wanafufua figo".

Kwanza ni mashine. Unalipa 10,000, unashikishwa chuma, dakika moja tu kompyuta imesoma mwili mzima. Mama, figo zimechoka. Mdogo wangu wa miaka 22 akashika kwa utani, naye figo zimechoka! Tukacheka, na bado tukalipa. Hilo linaniuma hadi leo. Figo hupimwa kwa damu na mkojo, jamani.

Dozi ya mwezi 380,000: vidonge vyeusi kwenye mfuko wa plastiki, maandishi ya Kichina matupu, namba ya usajili hakuna. Sharti lao, aache dawa za hospitali kwa kuwa "zinagombana".

Na sukari ikashuka. Kutoka 13 hadi 6 ndani ya siku nne. Mama akawapigia mashoga zake wote. Usiku wa siku ya 11 tukamkuta kalowa jasho, anaongea visivyoeleweka, kipimo kinasoma 1.9. Hospitali wakamtundikia dripu, sukari ikapanda, ikashuka tena. Akalazwa siku tatu. Daktari alishuku vidonge vimechanganywa na glibenklamaidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, ile ile Daonil ya bei chee, ambayo figo mbovu hushindwa kuitoa mwilini. Si jambo geni: Januari 2009 huko Xinjiang, China, watu wawili walikufa baada ya kumeza vidonge vya sukari vilivyokutwa na kemikali hiyo. Kreatinini ya mama ilikuwa imefika 291.

Sisemi tiba yote ya Kichina ni utapeli. Kwao kuna hospitali zinazowapa wagonjwa wa figo mizizi ya dawa kama huangqi, ila sambamba na dawa za kawaida na vipimo vya damu. Na mmea ukikosewa ni balaa: Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo kwa vidonge vya kupunguza unene, kisa mmea mmoja uliwekwa badala ya mwingine kwa kuwa majina ya Kichina yanafanana, yote ni "fang ji".

Tuliporudi dukani, kaka wa kaunta akasema mama "anatoa sumu", aongeze dozi. Vidonge vilivyobaki tumevipeleka TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa.

Kama mgonjwa wako ameshaanza, mfuko usiutupe, nenda nao hospitali. Na mpimeni sukari usiku pia. Sisi tulikuwa tunapima asubuhi tu.