England au Britania: mtu ajitambulishe kwa lipi?

Kisheria hakuna mashindano: uraia na pasipoti ni vya Britania, na pasipoti ya England haipo. Uwanjani mambo hugeuka. Kombe la Dunia lina timu ya England na bendera yake yenye msalaba mwekundu wa Mtakatifu George. Olimpiki ni Britania.

Sensa ndiyo huwapotosha wengi. Kwa England na Wales pamoja, waliojitaja wa England pekee walishuka kutoka asilimia 57.7 mwaka 2011 hadi 14.9 mwaka 2021. Britania pekee ikapanda kutoka 19.1 hadi 54.8. Usikimbilie kusema uzalendo umekufa: kwenye fomu za England, kisanduku cha Britania kilihamishiwa juu kabisa ya orodha ya majibu. Isitoshe, fomu inaruhusu kuweka alama kwenye vyote viwili.