DuckDB kwa mafaili yasiyo na vichwa vya kolamu: uzoefu wangu

Kazini mafaili mengi ninayotumiwa ni teksti tupu kutoka mfumo wa zamani, hayana vichwa, unafungua tu mstari wa kwanza tayari ni data: mteja, tarehe, simu, kiasi. Zamani nilikuwa nayapitisha Excel nibandike vichwa kwa mkono, sasa faili likizidi mistari 1,048,576 Excel ndo mwisho wake hapo, utafanyaje. Nikahamia DuckDB, programu ya kuuliza data kwa lugha ya SQL, na mpaka leo sijaiacha.

Raha yake huundi jedwali wala huingizi kitu popote, unaandika SELECT (amri ya SQL ya kuchagua data) juu ya faili lenyewe. Kama halina vichwa kolamu zinapewa majina column0, column1, column2, inaanzia sifuri jamani sio moja. Faili likiishia na .txt unaita read_csv mwenyewe, ile amri ya kusoma faili la data, si tabu.

Ila kuna la kuangalia. Huwa inakisia kama mstari wa kwanza ni kichwa kwa kulinganisha aina za data, yaani juu maneno chini namba basi juu ni kichwa. Sasa kolamu zote zikiwa maneno matupu haina pa kulinganishia, inachukulia kichwa kipo, mteja wa kwanza anageuka jina la kolamu, COUNT (hesabu ya mistari) inapungua moja na hakuna kosa lolote linalotokea kwenye skrini! Ndo maana mi header = false, yaani hakuna kichwa, naiandika ndani ya read_csv kila mara hata nikiona imekisia sawa.

Halafu simu zinazoanza na sifuri, zikisomwa kama namba ile sifuri inaliwa. Naweka all_varchar = true ili kila kitu kisomwe kama maneno, kiasi nakibadilisha mwenyewe kuwa namba kwa CAST.

Ninachokipenda zaidi ni names = ['mteja','tarehe','simu','kiasi'] humohumo ndani ya read_csv, kuanzia hapo mwenzako akiikuta kweri yako (yaani amri uliyoandika) hana haja ya kuuliza column3 ni nini.

SQLite, programu nyingine ya hifadhidata, nayo inafaa, ila unda jedwali kwanza ndo upige .import (amri yake ya kuingiza faili), lisipokuwepo mstari wa kwanza unageuzwa vichwa. Kwa faili moja dogo sio mbaya.

Nyota nne na nusu. Na mtumaji akibadilisha mpangilio wa kolamu huenda programu isikushtue, zinasomwa kwa nafasi tu, kwa hiyo ukisoma mafaili mengi kwa pamoja kwa *.csv (yaani yote yanayoishia na .csv) ongeza filename = true ujue mstari wa ajabu umetoka faili gani.